Mwongozo kamili: kuunganisha kompyuta mbili za nyumbani kwa intaneti, moja ikiwa Kigoma nyingine Tabora

Ndani ya miezi michache nimepigiwa simu na watu wa Isevya na wa Ipuli hapa Tabora, na mmoja wa Gungu kule Kigoma, wote wanalia kilio kimoja. Wana kompyuta mbili, moja imebaki nyumbani na nyingine wanatembea nayo, wanataka wakae kwenye hii waifungue ile, waone skrini yake na wachukue mafaili yao. Wameangalia video, wamefuata kila neno, wameingia kwenye ruta wamefungua poti 3389 (mlango wenye namba ambao Windows hutumia kufunguliwa kwa mbali), wamehifadhi, wamezima wamewasha, hola. Haiungani.

Sio kwamba hawajui kufuata maelekezo. Maelekezo yenyewe yameandikwa kwa intaneti ya aina ambayo wengi wetu huku hatuna, na nitaeleza kwanini hapo chini.

Mfano nitakaotumia ni wangu mwenyewe. Kompyuta ya mezani ipo kwa mama, Mwanga, Kigoma mjini, ina hesabu zangu zote na printa imechomekwa hapo hapo. Mimi nipo Cheyo, Tabora, na laptopu. Kwa hiyo ile ya mbali nitaiita ya Kigoma na hii ninayoshika nitaiita ya Tabora, wewe weka majina ya kwenu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta mbili zenye Windows 10 au 11. Ya zamani zaidi ya hapo sikushauri.
- Intaneti kila upande. Laini ya simu, modemu, ruta ya laini, faiba, vyote sawa.
- Akaunti moja ya Google au Microsoft, iwe imewashwa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kukuletea namba ya kuthibitisha kwenye simu. Huu sio urembo, nitarudi kwake.
- Neno la siri la kompyuta ya Kigoma. Sio pini ya tarakimu nne, neno la siri lenyewe.
- Simu yenye bando, ya kurushia hotspoti kwenye majaribio.
- Daftari na kalamu. Ndio, daftari.
- Mtu wa kubaki nyumbani ambaye anaweza kubonyeza kitufe cha kuwasha ukimwomba.
- Masaa mawili ukiwa umekaa na kompyuta ZOTE MBILI mezani.

Hilo la mwisho ndo watu wanalidharau kuliko yote. Unasafiri, unafika, ndo unaanza kumpigia mdogo wako umwelekeze kwa simu aweke programu, yeye haoni unachokiona, wewe huoni anachokiona, bando linaisha mnaanza kugombana. Kila kitu fanya kabla ya kuondoka.

## Kwanini kufungua poti kunakugomea

Nisome hapa hata kama una haraka.

Wakati tunasoma sekondari barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Shule nzima sanduku moja. Wewe unaweza kuandika barua ukatuma, na jibu likirudi limeandikwa jina lako unaitwa unalichukua. Sasa mtu akituma barua imeandikwa namba ya sanduku tu, haina jina, inalala ofisini mpaka inapauka.

Intaneti ya laini ya simu mara nyingi ipo hivyo hivyo. Kampuni ya simu inawachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Kompyuta yako ikianza yenyewe kuongea na nje majibu yanarudi vizuri, lakini mtu wa nje akianza kukutafuta anaishia kwenye sanduku la shule. Poti uliyofungua kwenye ruta yako ni mlango wa chumbani kwako, geti kubwa lipo kwa kampuni na funguo huna.

Kujua kama na wewe upo kwenye kundi hili, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, acha kabisa habari za poti, unapoteza muda. Hata ikianza na namba nyingine, linganisha na anwani inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia anwani yako, zikitofautiana ni yale yale.

Na hata kama una anwani yako peke yako, bado nakukataza. Poti 3389 ikiwa wazi duniani, kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikibahatisha maneno ya siri, zitaigonga.

Dawa ni kufanya kompyuta zote mbili zianze zenyewe kuongea na nje, zikutane katikati. Programu nitakayotumia inaitwa Tailscale, kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Inazipa kompyuta zako anwani za faragha ambazo zinaonana zenyewe tu, kama vile zipo kwenye waifai moja, na kila kinachopita kinafungwa mtu wa kati asisome.

## Hatua ya 1: Jua Windows ya Kigoma ni Home au Pro

Fungua Settings, System, kisha About, shuka mpaka uone Edition. Andika kwenye daftari.

Sababu: Windows Pro ina uwezo wa kufunguliwa kwa mbali ndani yake, unaitwa Remote Desktop. Home haina upande wa kupokea. Home inaweza kwenda kufungua nyingine lakini yenyewe kufunguliwa haikubali, na hapa watu wengi wanazunguka siku nzima wakitafuta swichi ambayo haipo. Ya Tabora ikiwa Home haina shida, inayoangaliwa ni ya Kigoma.

Usihangaike na vile vifaili vya mtaani vya kuilazimisha Home iwe Pro. Windows ikijisasisha vinakufa, na hujui kilichofichwa ndani. Njia ya Home ipo, tutaikuta hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Kompyuta ya Kigoma isilale

Ikilala, intaneti yake inalala nayo, hakuna programu itakayoifikia.

Settings, System, Power, sehemu ya Sleep wakati imechomekwa weka Never. Skrini iache izime yenyewe baada ya dakika tano, skrini ndo inakula umeme, na wenye nyumba wakiona skrini nyeusi wanatulia.

Kama ya Kigoma ni laptopu, fungua Control Panel, Power Options, tafuta palipoandikwa Choose what closing the lid does, upande wa Plugged in weka Do nothing. Vinginevyo mtoto akipita akafunga kifuniko ndo kwaheri.

Laptopu ina faida moja kubwa huku kwetu, betri yake. Umeme ukikatika inaendelea. Ila angalia, ruta inazima, sasa kompyuta ipo macho lakini haina njia ya kutoka. Ndo maana mimi pale nyumbani natumia kile kimodemu kidogo chenye betri yake badala ya ruta ya kuchomeka.

Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo iwashe upya huku unabonyeza bonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows (mara nyingi ni F2, F10 au Del), tafuta maneno kama Restore on AC Power Loss au After Power Loss, weka Power On. Maana yake umeme ukirudi inajiwasha yenyewe bila mtu. Kila kampuni inaliandika kivyake, na laptopu nyingi hazina kabisa.

Ukifanikiwa: iache nusu saa bila kuigusa, rudi utikise mausi, skrini inawaka papo hapo bila kuanza kuamka taratibu.

## Hatua ya 3: Neno la siri

Windows haimruhusu mtu kuingia kwa mtandao kwenye akaunti isiyo na neno la siri. Kama kompyuta ya nyumbani inafunguka tu ukiwasha, au watu wanaingia kwa pini, hapa ndo pa kurekebisha. Settings, Accounts, Sign-in options, sehemu ya Password.

Kuna mtego kwenye Windows 11 ulionila jioni nzima. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft na umezoea pini, hapo hapo kwenye Sign-in options kuna swichi inayosema kwa usalama zaidi ruhusu Windows Hello peke yake. Izime. Alafu toka kabisa, ingia tena mara moja kwa kuandika neno la siri lenyewe lote. Usipofanya hivyo utakuja kuandika neno sahihi kutoka Tabora na kompyuta itakwambia sio sahihi, utajiona umechanganyikiwa.

Kabla hujaendelea fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri (litafute kwa jina kwenye Start), andika `whoami`, bonyeza Enter. Itakupa jina la kompyuta, alama ya `\`, na jina la mtumiaji. Nakili kwenye daftari herufi kwa herufi, utalihitaji. Wa akaunti ya Microsoft waandike na barua pepe yao.

## Hatua ya 4: Weka Tailscale kwenye zote mbili

Nenda tailscale.com, pakua ya Windows, iweke kwenye ya Kigoma. Ikimaliza inakuuliza uingie, chagua Google au Microsoft, ingia. Fanya hivyo hivyo kwenye ya Tabora kwa akaunti ile ile. Nimeshakutana na mtu kaweka akaunti yake upande mmoja na ya mke wake upande wa pili, alafu analalamika haoni kitu. Hawezi kuona, hiyo ni mitandao miwili.

Chini kulia karibu na saa kuna kialama kidogo cha vidoti. Kibonyeze, utaona anwani ya kompyuta yako inaanzia na 100. Andika anwani ya Kigoma kwenye daftari, haibadiliki hata ukibadili laini.

Ukifanikiwa: kwenye ya Tabora fungua Command Prompt, andika `tailscale status`. Kompyuta zote mbili zinatokea kwenye orodha. Alafu andika `tailscale ping` ikifuatiwa na anwani ya Kigoma, uone neno pong linarudi.

Pembeni ya pong unaweza kuona maneno via DERP. Maana yake kompyuta zimeshindwa kuonana uso kwa uso zinapitia kituo cha kati. Inafanya kazi vizuri tu, ila inachelewa kidogo. Mara nyingine inaanza na DERP kisha inapata njia ya moja kwa moja baada ya sekunde chache, kwa hiyo usiwe na presha.

## Hatua ya 5: Swichi mbili ambazo watu wanaziruka

Hatua fupi lakini ndo inayotenganisha mfumo wa siku tatu na mfumo wa miaka.

Ya kwanza. Kwenye ya Kigoma, bonyeza kile kialama cha Tailscale, Preferences, washa Run unattended. Bila hii, umeme ukikatika na kurudi kompyuta inawaka, inasimama kwenye ukurasa wa kuandika neno la siri, na Tailscale inasubiri mtu aingie kwanza. Hakuna mtu wa kuingia. Wewe Tabora unaona imezimika wakati inawaka.

Ya pili. Ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya Tailscale, ukurasa wa Machines, tafuta ya Kigoma, bonyeza vidoti vitatu pembeni, chagua Disable key expiry. Kawaida ruhusa ya kila kompyuta inaisha baada ya siku 180, inakutaka uingie upya ukiwa umekaa mbele yake. Miezi sita unatamba kwa majirani, siku moja asubuhi haipo. Fanya hivi kwa ya Kigoma tu. Ya Tabora inayotembea kwenye begi iache iishe muda wake, ikiibiwa itakusaidia.

## Hatua ya 6: Fungua njia ya kuona skrini

### Kama ya Kigoma ni Pro

Settings, System, Remote Desktop, washa. Itakuuliza kama una uhakika, kubali. Fayawoli, yule mlinzi wa Windows anayezuia wa nje wasiingie, inafunguka yenyewe, usiiguse.

Kwenye ya Tabora bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mstsc`, Enter. Kwenye kisanduku andika ile anwani ya 100 ya Kigoma, bonyeza Connect. Itataka jina na neno la siri: andika lile jina la whoami lilivyo, au kwa akaunti ya Microsoft andika `MicrosoftAccount\` ikifuatiwa na barua pepe yako.

Itatokea onyo kwamba utambulisho wa kompyuta ya mbali haujathibitishwa. Hii kwa mara ya kwanza ni kawaida, kompyuta imejiandikia cheti chenyewe. Kubali.

Ukifanikiwa: skrini ya Kigoma inajaa kwenye ya Tabora na juu kuna utepe mwembamba wenye ile anwani. Ukimaliza kazi bonyeza X kwenye huo utepe.

Narudia, bonyeza X ya kwenye utepe. Mimi wiki ya kwanza nilimaliza kazi nikaenda kwenye Start nikabonyeza Shut down kama nilivyozoea miaka yote. Ikazima kweli, kule Mwanga. Mama alikuwa Ujiji kwenye msiba, amefunga nyumba, karudi baada ya siku nne. Siku nne nikawa naandika hesabu kwenye daftari.

Kitu kingine, ukiingia kwa Remote Desktop, aliyekaa mbele ya kompyuta kule anaona ukurasa wa kufungwa tu. Usimwingilie mtu katikati ya kazi yake.

### Kama ya Kigoma ni Home

Pakua TightVNC kutoka kwenye tovuti yake. Kwenye ya Kigoma weka Server, na wakati wa kuweka kubali ijisajili kama huduma ya Windows na iongezwe kwenye fayawoli. Itakuuliza maneno ya siri: weka la kuingilia na la kulinda mipangilio. Hapa kuna jambo, neno la kuingilia linasoma herufi nane tu za mwanzo, ukiandika ishirini zinazobaki ni mapambo. Hizo nane ziwe za kichwa ngumu.

Kwenye ya Tabora weka Viewer peke yake. Fungua, andika anwani ya 100 ya Kigoma, Connect, weka neno la siri.

TightVNC ukiitumia yenyewe kwenye intaneti haifungi mazungumzo yako, mtu wa kati anaweza kuchungulia. Ndani ya Tailscale ipo salama kwasababu bomba lote limefungwa. Kwa hiyo usijaribu kuitumia nje ya anwani za 100, na poti yake, 5900, usiifungue kwenye ruta kwa sababu yoyote.

Ukifanikiwa: unaona skrini ile ile anayoiona aliyekaa Kigoma, ukisogeza mausi anaona inasogea. Hii kwa kumfundisha mtu kitu ni nzuri kuliko Remote Desktop, mimi ndo nilimfundishia shemeji yangu jinsi ya kuprinti pande mbili.

## Hatua ya 7: Jaribu mezani kabla ya safari

Usiruke. Ukizijaribu zikiwa zote kwenye waifai ya nyumbani hujajaribu kitu, zimeonana kwa ndani.

1. Ya Kigoma iache kwenye intaneti ya nyumbani. Ya Tabora itoe kwenye hiyo waifai, iunganishe na hotspoti ya simu, ikiwezekana laini ya kampuni nyingine. Ingia. Ikikubali, kwa intaneti hapo kompyuta zimeshaachana, kilomita hazina maana tena.
2. Ukiwa ndani, iambie ya Kigoma iwake upya kwa kuandika `shutdown /r /t 0` kwenye Command Prompt ya kule. Utatupwa nje. Subiri dakika tatu nne, usiiguse, jaribu kuingia tena. Isipokubali rudi hatua ya 5, swichi ya kwanza.
3. Sasa la kikatili. Hifadhi kila kitu, zima swichi ya ukutani, hesabu mpaka thelathini, washa. Kompyuta ya mezani ijiwashe yenyewe na uingie bila kuigusa. Hili lifanye mara moja tu, diski hazipendi mchezo huu.

Yote matatu yakipita funga begi. Moja likigoma, afadhali ligome ukiwa hapo na chai yako kuliko ukiwa stendi ya mabasi Tabora.

## Kuhamisha mafaili

Kwa Remote Desktop unanakili huku unabandika kule, kama folda za kawaida, Ctrl+C na Ctrl+V. Kwa TightVNC, juu kwenye Viewer kuna kitufe cha File Transfer, inagawanyika pande mbili unachagua unapeleka wapi.

Kwa faili moja moja ni rahisi zaidi: libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, tafuta Send with Tailscale (Windows 11 inaweza kulificha chini ya Show more options), chagua kompyuta. Linatua kwenye folda ya Downloads upande wa pili. Simu yako ukiiwekea Tailscale nayo inaingia kwenye orodha, picha za risiti nazirusha hivyo.

## Bando lisiishe siku moja

Skrini ya mbali inakula bando kadiri picha inavyobadilika. Ukiwa kwenye jedwali la hesabu ni kidogo, ukifungua video kule uitazame huku unalipia mara tatu: ya Kigoma inaipakua, ya Kigoma inairusha, ya Tabora inaipokea.

Kwenye `mstsc` bonyeza Show Options. Upande wa Display punguza rangi mpaka 16 bit, upande wa Experience chagua spidi ndogo kabisa, picha ya ukutani inapotea na vitu vinafunguka bila madoido. Inakuwa mbaya mbaya lakini inakimbia. TightVNC nayo, kwenye Options za Viewer, inakuruhusu kupunguza rangi.

Na ya Kigoma yenyewe, Settings, Network & internet, washa Metered connection kwenye ile waifai, vinginevyo Windows inavuta masasisho yake usiku unakuta bando la mama la WhatsApp limekwenda. Ila mara moja moja, ukiwa na bando la kutosha, izime uache isasishwe.

## Usalama, kwa kifupi

Mwenye akaunti yako ya Google ndo mwenye kompyuta zako zote mbili, anaweza kuongeza ya tatu asubuhi usijue. Ndo ule uthibitisho wa hatua mbili niliousema mwanzo. Kila mwezi pitia ukurasa wa Machines, usiyoitambua ifute.

Waambie na walioko nyumbani: mtu akipiga simu akasema ni wa benki, wa mtandao wa simu, wa kampuni ya kompyuta, anataka wapakue programu wamsomee namba zinazotokea kwenye skrini, wakate. Wewe mwenyewe ukitaka jambo kwenye kompyuta utawapigia kwa namba wanayoijua, na kwa mpangilio huu huwaombi wakusomee namba yoyote.

## Ikigoma

Inaonekana kwenye orodha lakini skrini haifunguki. Intaneti ipo, tatizo ni Remote Desktop imezimwa au huduma ya TightVNC imesimama. Mara nyingi kuna mtu kaweka antivirusi mpya iliyokuja na fayawoli yake.

Neno la siri linakataliwa. Hatua ya 3, tena yote. Pini haikubaliki. Hakikisha pia kibodi haijabadilika lugha na herufi kubwa hazijawashwa.

Inaunganika, baada ya dakika inaganda. Andika `tailscale ping` uone. Pong zikirudi kwa kusuasua ni mtandao, sogeza modemu karibu na dirisha au subiri, jioni laini zinazidiwa. Pong zikija vizuri funga uingie upya.

Imeandikwa offline. Kabla hujagusa setingi yoyote, na kabla hujailaani Windows, piga simu nyumbani kwanza. Mimi nilishawahi kukaa nusu siku nafuta programu naweka upya huku Cheyo, mwisho nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, vipi huko Tabora?"

"Salama mama. Eti umeme upo?"

"Upo."

"Ile kompyuta inawaka taa?"

Kimya kidogo, nasikia ndala zinaburuzwa kwenye sakafu.

"Nimeichomoa mwanangu. LUKU imebaki yuniti sita na wewe hujatuma kitu, nikasema hili lidude linalokesha lipumzike, nimeweka simu ichaji hapo. Ikifika nusu nakurudishia."